Kuifungua namba 61,741,120

Oktoba 31, 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba usiku wa kuamkia Agosti 23 ya mwaka huo Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120. Tangu siku hiyo namba hii tumeisikia mara nyingi, lakini karibu kila mara imekatwa mkia: redioni ni milioni 61.7, mikutanoni ni milioni 61, na mtaani ni milioni sitini na ushee. Siwalaumu wanaoikata. Anayepanga zahanati au vyumba vya madarasa hana haja na wale watu 120 wa mwisho, maana hata kabla karani wa sensa hajazima kishikwambi chake walikuwapo waliozaliwa na waliofariki. Hoja yangu ni nyingine. Namba nzima, ikiandikwa hadi tarakimu yake ya mwisho, ina mambo yake yenyewe ambayo hayamo kabisa katika ile iliyokatwa, na mambo hayo yanastahili kuangaliwa kwa utulivu, hasa na sisi tunaolalamika kila mwaka kwamba watoto wetu wanaikimbia hisabati.

Nilianza kuiangalia hivyo kibarazani hapa Moshi, nikiwa na binti wa dada yangu aliye kidato cha pili. Alikuwa anafanya zoezi la vigawo, na namba alizopewa zilikuwa 36, 48 na 60, zilezile nilizopewa mimi nilipokuwa na umri wake. Akaniambia, "Mjomba, hizi nazijua kwa kichwa tangu shule ya msingi." Alikuwa na haki ya kulalamika. Nikamwambia afungue ukurasa mpya wa kaunta buku lake, aandike namba ya sensa kama ilivyotangazwa, halafu aigawe kwa namba tasa mpaka igome.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Namba inaishia na sufuri, kwa hiyo 10 ilitoka mara moja, yaani 2 na 5, akabaki na 6,174,112. Akaigawa kwa 2, akapata 3,087,056, tena kwa 2, akapata 1,543,528, kisha 771,764, kisha 385,882, kisha 192,941, na hapo shufwa zikaisha. Namba 3 ilikataa, kwa kuwa jumla ya tarakimu ni 26. Namba 7 ilikubali, akabaki na 27,563. Baada ya hapo kikaja kipande kigumu: alijaribu 7 tena, akajaribu 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37 na 41, na kila moja ilibakiza kitu. Alikuwa amejaza kurasa mbili, ncha ya penseli imekuwa butu, na akaniuliza kama hiyo 27,563 yenyewe si namba tasa. Nikamwambia asiniulize mimi, aiulize 43. Akaigawa polepole, tarakimu kwa tarakimu, na baki ikawa sufuri. Jibu lilikuwa 641, ambayo haigawanyiki kwa namba nyingine yoyote isipokuwa 1 na yenyewe.

Kwa hiyo 61,741,120 ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641. Hakuna namna nyingine ya kuifungua kwa namba tasa. Mtu anaweza kuanza na 43, mwingine akaanza na 641, lakini wote wataishia na vigawo vilevile kumi, kwa idadi ileile. Huo ndio msingi wa hisabati yote ya namba nzima, na uthibitisho wake kamili uliandikwa na Carl Friedrich Gauss mwaka 1801. Ndiyo maana nasema namba imefunguliwa: kilichoonekana ndani ni kilekile atakachokikuta mtu yeyote, mahali popote, kwa lugha yoyote.

Namba za mikoa yetu hazikufunguka kwa ukarimu wa namna hiyo. Mkoa wa Arusha ulihesabiwa watu 2,356,255, ambayo ni 5 × 11 × 42,841, na hiyo ya mwisho ni namba tasa. Tofauti inaonekana ukihesabu vigawo vyote, vilivyo tasa na visivyo tasa. Namba ya Arusha ina vigawo vinane tu. Namba ya taifa ina 112, na sababu yake ni rahisi kuifuata: ile 2 unaweza kuiacha au kuichukua mara moja hadi mara sita, hizo ni njia saba, na kila moja ya 5, 7, 43 na 641 unaichukua au unaiacha, hizo ni njia 16, saba mara 16 ni 112. Maana yake ni kwamba wale watu 61,741,120 wangeweza kugawanywa katika makundi yanayolingana kwa namna 112 bila mtu mmoja kubaki pembeni. Zile 2 sita peke yake zinafanya 64, idadi ya kete za bao la Kiswahili, na kwa kweli namba ya sensa ni 64 mara 964,705, kamili.

Lakini kigawo kilichonifanya niweke kikombe cha chai chini ni 641. Kwa anayesoma historia ya namba, 641 si namba ya kawaida.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyefanya hisabati kwa mapenzi yake, aliandika kwamba anaamini namba za mfululizo fulani zote ni tasa. Mfululizo huo unaanza na 3. Ili upate inayofuata unatoa moja, unazidisha kilichobaki kwa chenyewe, kisha unaongeza moja. Unapata 5, kisha 17, kisha 257, kisha 65,537, na hizo zote ni tasa kweli. Inayofuata ni 4,294,967,297. Fermat hakuifungua, na karibu miaka mia moja ilipita bila mtu kuifungua. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba si tasa, kwa kuwa ni 641 × 6,700,417. Katika maandishi yake ya baadaye alieleza jinsi ya kuifikia: kigawo tasa chochote cha namba hiyo ni lazima kibakize 1 kinapogawanywa kwa 64. Hebu tuone uzito wa maneno hayo. Anayejaribu namba tasa moja baada ya nyingine, kuanzia 2, atafika 641 kwenye jaribio la 116. Anayejua sharti la Euler anajaribu 193, 257, 449 na 577, na jaribio la tano ni 641. Hadi leo, katika mfululizo wote wa Fermat hakuna tasa ya sita iliyopatikana.

Upo uthibitisho mwingine, uliokuja baada ya Euler, ambao naupenda zaidi kwa sababu unaenea katika nusu ukurasa wa daftari na hauhitaji kugawanya chochote. Unaanza kwa kuitazama 641 kwa pande mbili. Kwa upande mmoja ni 640 ongeza 1, na 640 ni 5 ikizidishwa kwa 2 saba. Kwa upande wa pili ni 625 ongeza 16, yaani 5 nne zikizidishwa pamoja, ukiongeza 2 nne zilizozidishwa pamoja. Sasa 4,294,967,296 ni zao la 2 thelathini na mbili. Toa nne kati yake, ambazo ni 16, na mahali pake uweke 641 toa 625, kwa kuwa ni kitu kilekile. Sehemu ya 641 inagawanyika kwa 641 bila swali. Inayobaki kutolewa ni 625 mara zile 2 ishirini na nane, na hiyo si kingine bali 640 × 640 × 640 × 640, maana kila 640 ina 5 moja na 2 saba. Kila 640 imepungukiwa na moja tu kuifikia 641. Zikizidishwa mbili, upungufu unageuka ziada ya moja. Zikizidishwa nne, ni ziada ya moja vilevile. Kwa hiyo 4,294,967,296 imepungukiwa na moja tu kuwa kigawe cha 641, na ukiiongezea hiyo moja upungufu unakwisha. Msomaji ambaye hajawahi kuona uthibitisho wa namna hii, namwomba aurudie taratibu akiwa na kalamu mkononi, kwa sababu uzuri wake hauonekani kwa kupita haraka.

Nguvu yote ya uthibitisho huo imo katika ujirani wa 640 na 641. Na ujirani huohuo umo ndani ya namba ya sensa. Chukua 2 sita na 5, unapata 320, ambayo ni nusu ya 640. Izidishe kwa 641, unapata 205,120. Sasa jumlisha namba zote kuanzia 1 hadi 640. Usizijumlishe moja moja. Zifunge jozi, ya kwanza na ya mwisho: 1 na 640 ni 641, 2 na 639 ni 641, 3 na 638 ni 641, mpaka jozi ya mwisho, 320 na 321, nayo ni 641. Jozi ni 320, kila moja ina 641, na jumla ni 205,120 ileile. Hiyo ni namba ya pembetatu, aina ya namba unayoipata ukipanga kete mstari mmoja wa kete moja, chini yake mstari wa kete mbili, chini yake tatu, na kuendelea. Vigawo viwili vilivyobaki, 7 na 43, vinafanya 301, na 205,120 × 301 ni 61,741,120.

Kwa hiyo Watanzania wote waliohesabiwa wangeweza kusimama katika mistari 640, mstari wa kwanza ukiwa na watu 301, wa pili 602, wa tatu 903, kila mmoja ukiuzidi uliotangulia kwa watu 301, hadi mstari wa mwisho wenye watu 192,640, na asingebaki mtu hata mmoja nje ya pembetatu hiyo. Niliyachora haya kwenye daftari la yule binti kwa mistari mitano tu, na alipoelewa kwamba mitano ingeweza kuwa 640 bila hesabu kubadilika, hakuniuliza tena kama yatatoka kwenye mtihani.

Hapa pana jambo ambalo mchambuzi makini hawezi kuliruka. Mtu akiona 641 ya Euler ndani ya idadi ya watu wa nchi yake, ni rahisi kudhani kwamba kuna ujumbe. Hakuna. Namba ya sensa ilitokana na kuhesabiwa kwa wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130, na hakuna aliyezaliwa ili vigawo vikae sawa. Mtoto mmoja zaidi angezaliwa na kuhesabiwa usiku ule, tungekuwa na 61,741,121. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1, kwa hiyo kwa kilio cha mtoto huyo mmoja 2, 5, 7, 43 na 641 zingetoka zote kwa pamoja, na badala yake ingeingia 13, kwa kuwa 61,741,121 ni 13 × 4,749,317. Kwamba namba hii ilitufikia ni bahati. Lakini ikishatufikia, yaliyomo ndani yake si bahati tena: kwamba 320 mara 641 ni jumla ya 1 hadi 640 lilikuwa kweli kabla ya sensa ya kwanza kufanyika popote duniani. Naona watu wengi wanachanganya mambo haya mawili, na mchanganyiko huo ndio unaowapa kazi wanaouza tafsiri za namba za bahati.

Upo mtego wa pili, mwembamba zaidi. Tazama tarakimu nne za mwanzo za namba yetu: 6174. Nazo zina historia. Mwaka 1949 mwalimu wa shule wa India, D. R. Kaprekar, alieleza jambo hili: chukua namba yoyote ya tarakimu nne ambazo si zote zinazofanana, zipange kutoka kubwa hadi ndogo, kisha kutoka ndogo hadi kubwa, toa ya pili kwenye ya kwanza, na urudie hivyo kwa jibu unalopata. Kabla ya kuzidi hatua saba utafika 6174, na hutatoka hapo tena. Jaribu na urefu wa Kilimanjaro, mita 5,895. Unatoa 5589 kwenye 9855, unapata 4266. Unatoa 2466 kwenye 6642, unapata 4176. Unatoa 1467 kwenye 7641, unapata 6174. Hatua tatu. Kwa Mlima Meru, ambao wenzetu wa Arusha wanaamka wakiutazama, vipo vitabu vinavyoandika mita 4,562 na vingine 4,566. Ukianza na 4562 unapita 4086, 8172, 7443, 3996, 6264 na 4176 ndipo unafika 6174, hatua saba, idadi kubwa kuliko zote zinazowezekana. Ukianza na 4566 unapita 2088 na 8532, na hatua ya tatu umefika.

Mlima ni uleule, na mita nne zilizoongezwa kwenye karatasi zimefuta hatua nne za safari. Tena ukipima kwa futi badala ya mita, kila kitu kinabadilika. Sifa ya Kaprekar ni ya kweli na imethibitishwa, ila ni sifa ya maandishi yetu ya tarakimu kumi kuliko ya wingi wenyewe, na 6174 iliyo mbele ya namba ya sensa imekaa hapo kwa sababu tunahesabu kwa makumi. Ndani ya kompyuta, ambako namba huandikwa kwa 0 na 1 tu, namba ya sensa ina tarakimu 26, na 6174 haionekani mahali popote. Kinachoonekana ni kwamba tarakimu zake sita za mwisho zote ni sufuri, moja kwa kila 2 iliyomo ndani. Zile 2 sita zimehama kutoka maandishi haya hadi yale bila kupotea, wakati 6174 imepotea. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo: sifa inayobaki namba inapobadilishiwa mavazi ndiyo sifa ya namba. Nyingine naipenda vilevile, lakini siipi uzito uleule.

Huwa naulizwa kazi ya vigawo ni nini, na swali hilo ni halali. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni njia ya kuficha ujumbe inayosimama juu ya jambo moja: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini kulirudisha zao lake kwenye vigawo ni kazi inayoweza kushinda mashine zote zilizopo. Njia hiyo bado inatumika kulinda mawasiliano ya intaneti, zikiwamo tovuti za benki. Februari 2020 watafiti walitangaza kwamba wameifungua namba ya tarakimu 250, kwa msaada wa kompyuta nyingi sana. Namba zinazotumika sana kwa ulinzi zina tarakimu 617. Mtoto aliyekaa kibarazani jioni nzima na namba ya tarakimu nane anaelewa ugumu huo mikononi mwake, na hahitaji kusadikishwa kwa maneno. Anayepewa 36 na 48 mpaka anamaliza shule hawezi kuuelewa, na hilo ni kosa la sisi tunaomchagulia namba.

Kazi yetu ya kibarazani haijaisha. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ulihesabiwa watu 1,861,934, ambayo ni 2 × 930,967. Binti ameijaribu hiyo 930,967 kwa namba tasa zote 25 zilizo chini ya 100, na hakuna iliyoigawa. 67 ilikaribia, ikabakiza 2. Ameshajua kwamba hana haja ya kuvuka 964, kwa kuwa 965 mara 965 inaizidi namba yenyewe, na kwamba kati ya 100 na 964 zipo namba tasa 137. Kikokotoo kipo mezani, hajakigusa. Jana 101 ilibakiza 50 na 103 ikabakiza 53, na jioni ya leo anaanza na 107.